Kidato Ndani ya Kioo

Kabla hajajua kuandika jina lake kwa herufi za shule, Adija binti Abdurahmani wa Kikole alikwisha kulijua kwa herufi za chuoni. Babu yake mzaa mama, Maalimu Yahya, alimketisha mkekani, akampa ubao na kalamu ya mwanzi, akamwambia kwamba alifu inakaa kulia. Basi kwa Adija kulia ndiko dunia ilikoanzia.

Mwaka 1958, alipopelekwa shule ya serikali akiwa na miaka minane, alifungua daftari upande wa nyuma na kuanza kuandika kutoka kulia. Mwalimu akamchapa rula ya vidole. Kesho yake akaanza kulia tena, akachapwa tena. Siku ya tatu aliandika kutoka kushoto kama wenzake, lakini aliporudi nyumbani alimwambia mama yake, Kijakazi, "Mkono umehama, mama. Jicho halijahama."

Ukaidi huo haukumtoka. Baba yake, Abdurahmani, alikuwa mkulima wa mihogo na mikorosho, na pia ndiye mkwezi wa kijiji. Kila mnazi wa Kikole ulikuwa na vidato alivyovichonga yeye kwa shoka, kimoja juu ya kingine, vya kukanyagia wakati wa kupanda. Mtoto wa kike hapandi mnazi. Adija alipanda. Siku moja baba alirudi kutoka shamba akamkuta kafika katikati.

"Shuka!"

"Nitashuka nikishafika, baba."

Mzee Abdurahmani alitazama huku na huku aone kama kuna mtu aliyesikia, kisha akacheka. "Haya, mkaidi wewe. Basi sikiliza. Mguu hukaa kwenye kidato. Baina ya kidato na kidato hakuna pa kukaa. Na kidato usichojua kama kipo, ndicho kitakachokuangusha."

Uhuru ulipokuja Adija alikuwa na miaka kumi na mmoja, naye aliimba na wenzake mpaka sauti ikamkauka. Mwaka 1965 alimaliza darasa la nane. Nafasi za kidato cha kwanza kwa wasichana wa wilaya nzima zilihesabika kwa vidole, na yeye hakuwa kidole. Alirudi shambani. Aliokota korosho, akapalilia mihogo, akakataa posa mbili, na kila gazeti lililofika Kikole likiwa limefungia sukari alilikunjua na kulisoma mpaka tangazo la mwisho.

Ndipo mwaka 1971 ikaletwa barua kwa katibu wa tawi la chama. Kulitakiwa wasichana wawili wenye macho mazima, waliopita darasa la saba au zaidi, wakafanye kazi ya kuhesabu kule Kilwa Masoko. Barua haikusema kuhesabu nini. Katibu alidhani ni korosho.

*

Hazikuwa korosho. Katika chumba cha nyuma cha shule moja ya Kilwa Masoko Adija alimkuta kijana mwembamba mwenye miwani, Mwalimu Sipriani, mzaliwa wa upande wa Nyangamara. Serikali ilikuwa imempeleka ng'ambo kusoma fizikia, naye amerudi na sanduku la mbao lililojaa vioo. Mezani zilikuwepo hadubini mbili. Kwenye moja alikwisha keti msichana mwingine, Stefania, Mmwera wa Nyangamara, aliyesoma mpaka kidato cha pili na hakusahau kulitaja jambo hilo.

"Wa Kikole?" Stefania aliuliza. "Kumbe nyani wa minazini wameanza kusoma!"

"Wameanza zamani," Adija akamjibu. "Wamwera ndio wanachelewa kupewa habari." Tangu hapo wakawa marafiki, kwa namna ya watani, yaani pasipo siku moja ya amani.

Mwalimu Sipriani aliwaeleza kazi. Kila kitu duniani, alisema, kimeundwa kwa atomi, na ndani ya kila atomi mna kiini. Kiini kina nguvu, lakini hakikai na nguvu ya kiasi chochote kinachokitaka. Kina viwango vyake, hiki na kile, na katikati ya viwango hivyo hamna kitu.

"Kama vidato vya mnazi," Adija alisema.

Mwalimu alimgeukia. Kwa mwaka mzima alikuwa akitafuta neno la Kiswahili la kueleza jambo hilo, na madaftari yake yalijaa maneno aliyoyaandika na kuyafuta. "Endelea," alisema.

"Mguu hukaa kwenye kidato. Baina yake hakuna pa kukaa."

"Vidato," Mwalimu Sipriani akasema polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Vidato vya kiini. Basi ndivyo tutakavyoviita."

Lakini kiini hakionekani, hata kwa hadubini. Utavijuaje vidato vyake? Mwalimu aliwaambia wafikirie watu waliozunguka sinia la pilau. Mgeni anaweza kuja, akaketi, akala, akasukumana na wote, na mwisho wake hujui nani kamega wapi. Hiyo ni namna moja. Lakini mgeni mwingine anapita kandokando tu akiwa kamshika mtoto mkono. Hakai. Anamwachia mtoto nafasi penye sinia, yeye anaendelea na safari. Ukimtazama huyo mpitaji anavyokwenda baada ya hapo, kama kachoka sana au kidogo, unaweza kujua mtoto kakalishwa nafasi gani.

"Mpitaji ni chembe iitwayo deutroni," alisema. "Ni protoni na nyutroni zilizoshikana mikono. Kule ng'ambo tulizirusha kwa mtambo mkubwa kwenye utando wa madini ya nikeli, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Kiini cha nikeli kinabaki na nyutroni, protoni inakwenda zake. Huo ndio mmenyuko wa moja kwa moja: mguso mmoja, basi. Kisha sumaku inazipinda protoni. Iliyobaki na nguvu nyingi inapindika kidogo, ya nguvu kidogo inapindika sana, na kila moja inaangukia kwenye kioo mahali pake. Kioo kimepakwa dawa kama ya picha. Protoni ikiingia, inaacha kijistari cheusi."

Hivyo vijistari ndivyo vya kuhesabu. Kioo kiligawanywa kanda mia mbili, kila ukanda upana wa nusu milimita. Mhesabuji alitakiwa kuanzia mwanzo wa kioo, apite ukanda mmoja baada ya mwingine, na aandike idadi. Mahali palipo na vijistari vingi pamoja, hapo pana kidato.

"Anzieni mwanzo," Mwalimu Sipriani alisisitiza, "na msiruke hata ukanda mmoja."

Hakusema mwanzo ni upande gani. Nani angefikiria kusema?

*

Vioo vyenye vijistari vingi alipewa Stefania, kwa kuwa ndiye aliyefika sekondari. Adija alipewa vioo vitupu. Wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha piga hesabu zao, na hesabu zilisema kwamba kwenye sehemu ile ya nguvu kiini cha nikeli hakina kidato chochote. Lakini hata utupu unataka shahidi, kwa hiyo lazima mtu avihesabu.

"Mimi nahesabu nyota, wewe unahesabu giza," Stefania alimchokoza.

Adija alilihesabu giza hilo kwa miezi mitatu, kila asubuhi mpaka adhuhuri, wakati mwanga wa dirishani ulipokuwa mzuri. Alipokwenda kusalimu Kikole mama yake alimuuliza anahesabu nini hasa, naye akajitahidi kumweleza. Bi Kijakazi alisikiliza huku anapepeta mchele.

"Visivyoonekana?" alisema. "Basi hesabu vizuri mwanangu. Visivyoonekana havina mtu mwingine wa kuvitetea."

Kwenye kioo cha saba alikutana na jambo. Kanda zote zilikuwa na kijistari kimoja, au viwili, au hamna. Ghafla, ukanda wa sitini na moja ukawa na saba. Uliofuata, kumi na vinne. Kisha kumi na vitatu, kisha saba, halafu utupu ukarejea. Jumla arobaini na kimoja. Alirudia hesabu mara tatu. Kisha akahesabu kioo cha nane na cha tisa, ambavyo vilipigwa kwa pembe nyingine, protoni zikiwa zimegeuka zaidi kutoka njia yao ya kwanza. Kundi lilikuwepo huko pia. Kwenye cha nane lilianzia ukanda wa sitini na tatu, kwenye cha tisa sitini na tano.

Alimpelekea Mwalimu karatasi. Mwalimu aliisoma, uso wake ukang'aa, kisha ukafifia.

"Dada Adija, hii inakwenda kinyume. Pembe ikipanuka protoni hutoka na nguvu pungufu. Kundi lako linapanda namba, yaani linakwenda upande wa nguvu zaidi. Hilo haliwezekani."

"Mimi sijui lipi linawezekana, Mwalimu. Nimehesabu yaliyomo."

Mwalimu Sipriani alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mgeni katika cheo chake. Badala ya kuketi kwenye hadubini aangalie mwenyewe, aliandika barua Dar es Salaam.

*

Aliyekuja ni Ndugu Tomaso, mkaguzi wa maabara, mtu wa miaka hamsini mwenye shati la mikono mirefu na kalamu tatu mfukoni. Alifika Jumatano. Adija alimwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia "Marahaba" bila kumtazama. Alikiweka kioo cha saba chini ya hadubini, akatafuta ukanda wa sitini na moja, akaangalia mpaka wa sitini na nne, akainuka.

"Vijistari viwili," alisema. "Viwili! Binti kaandika arobaini na kimoja."

"Vipo," Adija alisema.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la nane."

"Na nasikia wewe ndiye uliyevipa jina. Vidato." Ndugu Tomaso alimgeukia Mwalimu huku anatabasamu. "Unaona sasa, Mwalimu? Kidato alikikosa shuleni, anakitafuta ndani ya kioo."

Stefania, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kucheka, hakucheka.

Ndugu Tomaso alitoa karatasi iliyokwisha kupigwa taipu. Ilisema kwamba mhesabuji Adija Abdurahmani amekiri kuhesabu kwa kubuni, na kwamba vioo vya saba, nane na tisa ni vitupu. Akitia sahihi, atabaki kazini kwa kufanya usafi wa vioo. Asipotia sahihi mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, arudi kwao, na karatasi zake zote zitupwe.

Walipobaki peke yao, Mwalimu Sipriani alimsihi. "Tia sahihi, dada. Ni karatasi tu. Sanduku lina vioo vingi, yakipoa nitakurudisha kwenye hesabu."

"Nikitia sahihi, kidato kitaandikwa kipo au hakipo?"

"Hakipo."

"Basi atakuja mkwezi mwingine, aweke mguu asipopajua, aanguke. Nami nilipaona." Alifunika hadubini kwa kitambaa chake. "Kufukuzwa si kitu, Mwalimu. Nilirudishwa shambani na serikali nzima, sembuse na Ndugu Tomaso. Lakini kuandika kwamba sikuona nilichokiona, hilo hapana."

"Ukaidi huu utakuponza."

"Umeniponza tangu mnazini. Bado nipo."

*

Ijumaa saa tatu alifika akiwa amevaa kanga zake mpya, kama anayekwenda arusini. Ndugu Tomaso alikuwa tayari mezani na ile karatasi.

"Umekuja kutia sahihi?"

"Nimekuja kuhesabu. Mbele yako, kwa sauti, ukanda kwa ukanda. Nikifika sitini na moja pasipo na kitu, nitatia sahihi mara mbili."

"Sina muda wa michezo."

"Umesema saa nne. Bado saa nzima ni yangu."

Stefania alikwisha simama, akakitoa kioo cha saba sandukuni, akakiweka mahali pake. "Mpe, Ndugu Tomaso," alisema kwa sauti ya upole mno. "Akishindwa si utapata cha kusimulia Dar?"

Adija aliketi, akapeleka kioo ukingoni, akainamia hadubini. "Ukanda wa kwanza, hamna. Wa pili, kimoja. Wa tatu, hamna..."

"We!" Stefania alipiga kelele. "Unaanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Mwanzo gani huo? Uko kulia!"

Adija aliinua kichwa akatazama mkono wake ulivyoshika gurudumu la hadubini, akatazama kioo, na hapo akasikia tena rula ya mwaka hamsini na nane ikitua vidoleni. Mkono ulihama, jicho halikuhama. Kwa miezi mitatu, vioo vyote, alikuwa akivisoma kama msahafu.

Ndugu Tomaso alicheka mpaka kalamu zikamdondoka. "Kinyumenyume! Amehesabu kinyumenyume! Hata pa kuanzia hapajui! Mwalimu, unahitaji ushahidi gani tena?"

Uso wa Adija uliwaka. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kubwa. Kwa dakika nzima angeweza kuinuka, akatia sahihi, akatoka kwa aibu yake. Alijifunga kanga vizuri zaidi.

"Nimekosea mlango," alisema. "Chumba sikukikosea. Stefania, mia mbili na moja ukitoa sitini na moja?"

"Mia moja na arobaini."

"Ukitoa sitini na nne?"

"Mia moja thelathini na saba."

Adija alisimama, akakivuta kiti nyuma. "Ndugu Tomaso, wewe unajua pa kuanzia. Keti. Anzia kwako kushoto, nenda mpaka mia thelathini na saba, utuambie unaona nini."

"Mimi sitaamriwa na..."

"Ni ombi," Adija alisema. "Shikamoo."

Hakuna mtu mzima wa nchi hii awezaye kuikimbia shikamoo mbele za watu. Ndugu Tomaso alinung'unika marahaba yake, akaketi, akazungusha gurudumu. Walisikia akihesabu kwa kunong'ona. Kisha kunong'ona kukakoma, akafikicha macho, akaanza upya.

"Ngapi?" Mwalimu Sipriani aliuliza.

"Thelathini na tisa," alisema Ndugu Tomaso. Baadaye kidogo akaongeza, "Labda arobaini. Kimoja kimelaliana na kingine."

"Vimelaliana viwili," Adija alisema. "Tazama chini yake."

Ndugu Tomaso hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Alisema hizo ni taka tu, hewa ya oksijeni iliyoganda kwenye nikeli. Nazo protoni zake zinaacha vijistari vile vile. Lakini sasa Mwalimu Sipriani alikuwa amenyakua penseli. Alizigeuza namba za vioo vitatu, moja baada ya nyingine, na midomo ikimcheza. Kundi lililokuwa likienda kinyume sasa lilikwenda sawa, upande wa nguvu pungufu, kanda mbili kwa kila pembe.

"Kiini chepesi kikipigwa hurudi nyuma sana," alisema, na sauti yake ilikuwa imepata mfupa. "Ingekuwa oksijeni, kundi lingeruka kanda kumi kila mara. Hizi ni mbili. Mbili ni za nikeli. Hizi si taka, Ndugu Tomaso. Ni kidato."

"Hesabu za ng'ambo zinasema hakuna kidato hapo."

"Basi hesabu za ng'ambo zirudiwe," alisema Adija.

Aliichukua ile karatasi ya taipu, akaigeuza upande mweupe, akaandika: Kioo cha saba. Kanda 137 hadi 140 kutoka kushoto. Mkaguzi ameona 39 au 40. Mhesabuji ameona 41, naye alianzia kulia. Akaisukuma mezani pamoja na kalamu mojawapo kati ya zile zilizoanguka.

"Tia sahihi hapa, Ndugu Tomaso. Umeona kwa macho yako."

Ilikuwa bado robo saa kufika saa nne. Alitia sahihi.

*

Baada ya siku hiyo Mwalimu Sipriani alimtaka Adija ajifunze kuanzia kushoto kama watu wote. Alikataa. Alisema Stefania aanzie kwake, yeye aanzie kwake, kila mmoja bila kuiona karatasi ya mwenzake. Wakikutana na namba zile zile, hapo hakuna mkaguzi atakayehitaji nauli ya kutoka Dar es Salaam. Juu ya kila karatasi yake alichora mshale kuonyesha anakotoka. Walihesabu hivyo miaka miwili, vioo vyote vya sanduku, wakigombana kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Mwaka 1974 Mwalimu Sipriani alifunga safari mpaka Kikole. Kijiji kilikuwa kimehamishiwa kando ya barabara, nyumba zake zimepangwa kwa mistari, na Adija alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima kwenye ghala la pamba lisilo na pamba. Mwalimu alimletea jarida la fizikia lililochapishwa ng'ambo. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na orodha ya namba ndogondogo, vidato vyote vya kiini kile, kutoka cha chini hadi cha juu.

"Chako ni hiki," alisema, akaonyesha kwa kidole.

Adija alikitazama muda mrefu. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma majina ya waandishi, akaenda wa mwisho, akasoma shukrani. Walishukuriwa wenye mtambo, na waliotoa nikeli, na "wahesabuji".

"Wahesabuji," alisema. "Hatuna majina?"

Mwalimu Sipriani aliinamisha kichwa. "Niliyaandika. Waliyafuta."

Wanafunzi wake, akina mama na wazee waliokuwa wakishika chaki kwa mara ya kwanza, walikuwa wakiwatazama. Adija alichukua kalamu ya wino. Mbele ya ile namba alichora mshale, kisha pembeni, mahali palipoachwa peupe, akaandika jina lake lote kwa herufi za babu yake, kuanzia kulia. Chini yake akaandika la Stefania.

"Umeharibu jarida la watu," Mwalimu Sipriani alisema, lakini alikuwa anacheka.

"Nimelisahihisha," Adija alisema, akampa mzee aliyekaa karibu alipitishe darasani.